Kutoka Kitale hadi Bungoma: Magari mawili ya Waitaliano na barabara moja

KITALE ni mji unaoamka mapema. Kabla jua halijapanda juu ya milima ya Cherangani, mikokoteni imeshaanza kulia sokoni, magunia ya mahindi yanapakiwa, na makanga wanaita abiria kwa sauti zilizokwaruzwa na baridi. Mji huu uko takriban mita 1,900 juu ya usawa wa bahari, na mgeni kutoka Mombasa au Kisumu asiyebeba sweta hujuta. Upande wa magharibi umesimama Mlima Elgon, wenye urefu wa mita 4,321. Upande wa mashariki ni Cherangani. Katikati ndipo ulipo uwanda wa Trans Nzoia, ghala la mahindi la taifa letu, na hapa ndipo ilipoanzishwa Kampuni ya Mbegu ya Kenya mwaka 1956.

Wageni wengi wakifika Kitale huzuru makumbusho yaliyo karibu na mji, ambayo yamekuwa ya taifa tangu mwaka 1974, au hupanda Elgon kuona pango la Kitum ambamo ndovu huingia usiku kutafuta chumvi kwenye mawe. Hayo ni mambo mazuri na familia yenye nafasi isiyakose. Lakini matembezi yetu ya leo, ndugu msomaji, ni ya barabara yenyewe. Nataka tusafiri pamoja kutoka Kitale hadi Bungoma, mwendo wa kilomita themanini hivi, na njiani tuamue shauri ambalo limewagombanisha wapenzi wa magari kwa miaka mingi. Kati ya magari mawili ya mashindano yaliyoundwa na kampuni ya Lancia ya Italia, yaani Stratos na Delta Integrale, ni lipi lililokuwa bora?

Huenda ukauliza: magari ya Waitaliano yana uhusiano gani na mahindi ya Kitale na miwa ya Bungoma? Yana uhusiano mkubwa. Magari hayo yote mawili yalishinda mataji ya dunia huko Ulaya, lakini yote mawili yaliletwa Kenya ili yapimwe kwa kipimo kigumu kuliko vyote, kile cha barabara zetu. Moja lilipita kipimo hicho. Jingine, ambalo watu wengi wanaliona kuwa zuri zaidi, lilikaribia likashindwa. Sababu zake huwezi kuzielewa ukiwa umeketi Nairobi ukitazama picha. Sharti uje uone udongo.

Udongo mwekundu na Pasaka

Safari Rally ilianza mwaka 1953, wakati wa sherehe za kutawazwa kwa Malkia Elizabeth wa Pili, na kwa miaka mingi ilifanywa wakati wa Pasaka. Mkulima yeyote wa Trans Nzoia atakueleza Pasaka ina maana gani. Ni majira ya mvua ya masika kuanza na mahindi kupandwa. Shamba lililokuwa gumu kama saruji mwezi wa Februari hugeuka laini, na njia ya murram ambayo wiki iliyopita ilitimua vumbi jekundu huwa utelezi mtupu. Waandalizi wa mashindano hawakuchagua majira hayo kwa bahati mbaya. Walitaka gari lipambane na vumbi asubuhi, matope mchana na mto uliofurika usiku, kwa siku kadhaa na kwa maelfu ya kilomita.

Matokeo yake yanajulikana. Mwaka 1963 yaliondoka magari 84, yakamaliza saba tu. Mwaka 1968 yaliondoka 93, na mara nyingine tena yakamaliza saba. Madereva wa ng'ambo walikuja na sifa zao wakarudi kwao na mizigo ya vyuma vilivyovunjika. Ilikuwa hadi mwaka 1972 ndipo mgeni, Hannu Mikkola wa Finland, alipotwaa ushindi akiwa na Ford Escort. Kabla ya hapo washindi walikuwa wenyeji wa Afrika Mashariki waliozijua barabara hizi, watu kama Joginder Singh na nduguye Jaswant, walioshinda mwaka 1965 kwa gari la Volvo, na Bert Shankland wa Tanzania, aliyeshinda mwaka 1966 na 1967 kwa Peugeot 404.

Zamani hizo mashindano yalikuwa ya Afrika Mashariki nzima, na magari yalivuka hadi Uganda na Tanganyika. Kufikia katikati ya miaka ya 1970 yakawa yanafanyika Kenya pekee, lakini pande hizi hazikusahauliwa. Bonde la Kerio na milima ya Cherangani, hii inayoonekana kutoka Kitale, yalikuwa maeneo ambayo madereva waliyaogopa na kuyaheshimu.

Kabari ya rangi tatu

Matatu yetu imejaa na tunaondoka. Nimeketi nyuma ya dereva, kati ya mzee mmoja aliyestaafu kazi ya ufundi wa magari na kijana wa chuo anayerudi kwao Bungoma. Kijana ana picha ya Stratos kwenye simu yake, na hiyo ndiyo iliyoanzisha mazungumzo.

Tuseme ukweli: hakuna gari la mashindano linalovuta macho kama Stratos. Lilichorwa na Marcello Gandini wa kampuni ya Bertone. Ni fupi, pana na la chini, kimo chake mita 1.11 tu, mithili ya kabari ya kupasulia kuni. Mtu mzima akisimama kando yake, paa linamfika kifuani au chini ya hapo. Mwili wake ni wa faibaglasi, na uzito wote ulikuwa chini kidogo ya kilo 1,000. Injini yake, ya silinda sita na lita 2.4, ilitoka kwa Ferrari, nayo iliwekwa nyuma ya viti, katikati ya gari, ikivuta magurudumu ya nyuma. Kuanzia mwaka 1975 timu ya Lancia ililipaka rangi nyeupe, kijani na nyekundu za shirika la ndege la Alitalia, na picha hiyo ndiyo inayotundikwa ukutani hadi leo.

Magari mengi ya mashindano ni magari ya kawaida yaliyoongezwa nguvu. Stratos halikuwa hivyo. Lilibuniwa tangu msumari wa kwanza liwe la mashindano. Sheria za wakati huo zilitaka yaundwe magari 500 ya aina hiyo, na Lancia iliunda takriban idadi hiyo, si zaidi. Hakuna baba wa familia aliyelinunua ili apeleke watoto shule, maana lina viti viwili tu. Na kazi lililoumbiwa lililifanya sawasawa. Lancia ilikuwa bingwa wa dunia mwaka 1974, 1975 na 1976.

Hapo ndipo Safari ilipoingia. Lancia ilikuwa na kiu ya ushindi wa Kenya. Mwaka 1974 dereva wake Sandro Munari alikuwa wa tatu akiendesha Fulvia, gari dogo la zamani. Mwaka uliofuata akaja na Stratos, pamoja na Björn Waldegård wa Sweden. Ulimwengu ulitarajia ushindi. Munari akawa wa pili na Waldegård wa tatu. Aliyewashinda ni Ove Andersson, naye alikuwa na gari gani? Peugeot 504.

Mzee wa kando yangu aliposikia hilo alicheka hadi akashika paa la matatu. Kwake yeye Peugeot 504 si gari la mashindano, ni jamaa wa nyumbani. Kwa miaka mingi 504 za kubebea abiria ndizo zilizounganisha miji ya magharibi ya Kenya na Nakuru na Nairobi, na pikapu zake zilibeba viazi, mbolea, maharusi na maiti. Alizifungua na kuzifunga injini zake, anasema, hadi akawa anajua ugonjwa kwa kusikia mlio.

"Hilo gari lako lina sura, mwanangu," akamwambia kijana. "Lakini lipeleke Cherangani masika, uone kama sura itavuta matope."

"Lakini, mzee," kijana akajibu kwa heshima, "lilikuwa la pili na la tatu. Si la mwisho."

Naye kijana alikuwa na haki. Tutarudi kwenye jambo hilo.

Sanduku la familia

Tumepita Kiminini na barabara inazidi kuteremka. Msafiri asiyetazama kwa makini hatambui, lakini kutoka Kitale hadi Bungoma unashuka kiasi cha mita 500. Hewa inapata joto. Mashamba makubwa ya mahindi yanapisha mashamba madogo ya kifamilia, yenye migomba, maharagwe na ng'ombe wawili watatu waliofungwa kando ya njia. Baada ya kuvuka mto Kamukuywa tumekwisha ingia jimbo la Bungoma, na lugha kwenye matatu imebadilika: Lubukusu kimetawala.

Gari letu la pili linafanana na eneo hili la mashamba madogo. Lancia Delta lilianza kuuzwa mwaka 1979, nalo lilichorwa na Giorgetto Giugiaro kuwa gari la familia. Lina milango minne na mlango wa tano nyuma wa kutilia mizigo. Ukilitazama kwa mbali ni kama sanduku. Waandishi wa magari wa Ulaya walilitangaza gari la mwaka 1980, lakini hakuna mtoto aliyetundika picha yake ukutani. Lilikuwa gari la mwalimu na la karani wa benki.

Jambo la kuhuzunisha ndilo lililolifanya Delta liwe maarufu. Katikati ya miaka ya 1980 magari ya mashindano yalikuwa yamekuwa na nguvu kupita kiasi. Mwezi Mei 1986, huko Corsica, Henri Toivonen wa Finland na msaidizi wake Sergio Cresto waliungua na kufa gari lao lilipotoka barabarani na kuporomoka bondeni. Walikuwa katika Lancia Delta S4, ambalo lilibeba jina la Delta lakini lilikuwa mashine nyingine kabisa. Wakuu wa mchezo huo waliyapiga marufuku magari ya namna hiyo. Kuanzia mwaka 1987 gari la kushindania ubingwa lilipaswa kutokana na gari la kawaida lililoundwa angalau mara 5,000.

Lancia ilitazama ghalani kwake ikamkuta yule Delta mpole. Ikampa injini ya lita mbili yenye silinda nne na tabo, chombo kile kinachosukuma hewa ndani ya injini ili ichome mafuta kwa nguvu zaidi, kisha ikagawa nguvu hiyo kwa magurudumu yote manne. Jina likawa Delta Integrale. Gari hilo pamoja na ndugu zake wa karibu liliipa Lancia ubingwa wa dunia mara sita mfululizo, kuanzia 1987 hadi 1992.

Na Kenya je? Mwaka 1988 Miki Biasion aliendesha Delta Integrale akashinda Safari. Ilikuwa mara ya kwanza kwa Lancia, miaka 13 baada ya Munari kukosa kidogo. Mwaka 1989 Biasion akarudia ushindi. Mwaka 1991 Juha Kankkunen akaongeza wa tatu. Sanduku la familia lilishinda mara tatu mahali ambapo kabari ya Ferrari haikushinda hata mara moja.

Sentimita thelathini

Basi ni nini kilichotofautisha magari haya? Chukua rula yako ya shule, ile ya sentimita 30. Umbali kutoka gurudumu la mbele hadi la nyuma kwenye Stratos ni sentimita 218. Kwenye Delta Integrale ni karibu sentimita 248. Tofauti ni rula moja tu, lakini ina maana kubwa.

Gari lenye magurudumu yaliyokaribiana hugeuka upesi. Katika milima ya Ulaya yenye kona kila baada ya hatua chache, hiyo ni neema. Dereva akigusa usukani, Stratos limeshageuka. Lakini kwenye njia ya murram iliyochimbwa mifereji na malori ya mahindi, wepesi huo huwa balaa. Gurudumu la mbele linapotumbukia shimoni, la nyuma halijatulia bado, na gari linaanza kurukaruka kama ndama aliyefunguliwa. Dereva hana nafasi ya kupumzika. Fanya hivyo kwa dakika kumi ni mchezo. Fanya hivyo mchana na usiku kwa kilomita elfu kadhaa, na mikono ya Munari itakueleza yaliyobaki.

Jambo la pili ni kuvuta. Injini ya Stratos ilikaa karibu na magurudumu ya nyuma, na uzito huo uliyasaidia kushika ardhi. Hata hivyo magurudumu mawili ni mawili. Udongo mwekundu wa miteremko ya Elgon ukilowa hujaa kwenye mifuo ya tairi hadi tairi linakuwa laini kama chungu. Hapo anayesukuma kwa miguu minne ana nafasi kubwa kuliko anayesukuma kwa miwili, kama ng'ombe wa kulima anavyomshinda mtu mwenye jembe.

La tatu ni wingi. Gari lililoundwa mara 500 halina ndugu wengi wa kuazimana vipuri, tena kila fundi analijifunza upya. Gari lililotokana na maelfu limeshavunjika mara nyingi mikononi mwa watu wa kawaida, na kila lilipovunjika kiwanda kilijifunza jambo. Mzee wetu alilisema hilo bila kusoma kitabu chochote: gari ambalo kila mtu ameliumiza ndilo gari ambalo kila mtu anajua kulitibu.

Haki kwa aliyeshindwa

Tusimhukumu Stratos upesi, lakini. Anayelinganisha magari mawili yaliyotengana kwa miaka 13 hulinganisha pia nyakati mbili. Kufikia 1988 barabara nyingi za Kenya zilikuwa zimetiwa lami, timu zilitumia helikopta kutazama njia, na magari ya mafundi yalijaa kila upande. Munari mwaka 1975 hakuwa na raha hizo zote. Tena mwaka huo alishindwa na gari moja tu katika msafara mzima, na mwaka 1977 alirudi na Stratos akawa wa tatu. Gari linalofika jukwaani mara mbili kwenye Safari si gari bovu.

Wala si kweli kwamba magurudumu manne yalitosha kuleta ushindi. Mwaka 1984, 1985 na 1986 Audi na Peugeot zilileta hapa magari makali yanayovuta kwa magurudumu yote, na yote yakashindwa na Toyota Celica, ambalo lilivuta kwa magurudumu ya nyuma peke yake. Toyota walikuwa wametambua kwamba Safari haimpi taji anayekwenda kasi kuliko wote, humpa yule ambaye vyuma vyake havikatiki. Ilikuwa hadi 1987 ndipo gari la magurudumu manne, Audi 200 la Mikkola, lilipopata ushindi wa kwanza wa aina yake.

Kwa hiyo jibu langu ni hili. Kama swali ni gari lipi lilibuniwa kwa ustadi na ujasiri zaidi, ni Stratos. Kama swali ni gari lipi lilikubali kufundishwa na mahali lilipokwenda, ni Delta. Na mimi, kwa kuwa naishi katika nchi hii na kupita katika barabara hizi, nachagua Delta. Kijana wa chuo hakukubaliana nami. Alisema watu watamkumbuka Stratos wakati Delta limesahauliwa. Huenda ni kweli, maana uzuri nao una haki yake.

Webuye, na kona zake

Hapa Webuye tunaungana na barabara kuu itokayo Eldoret kwenda Malaba na Uganda. Familia yenye muda ishuke. Mto Nzoia unaporomoka kwenye maporomoko ambayo wakoloni waliyaita Broderick Falls, na juu ya mji kuna mlima wa Chetambe, ambako mwaka 1895 Wabukusu walijihami ngomeni dhidi ya jeshi la Waingereza na wengi wakauawa. Kando ya mji ni kiwanda cha karatasi kilichoajiri maelfu kwa miongo mitatu na zaidi, hadi kilipofunga milango mwaka 2009. Tazama mabomba yake uelewe kwa nini wazee wa hapa husema Webuye ya zamani kama wanaomzungumzia marehemu.

Kutoka hapa hadi Bungoma hakuzidi kilomita thelathini. Lami ni nzuri, na hapo ndipo dereva wetu alipoamua kwamba yeye ni Biasion. Akakanyaga mafuta. Akalipita lori mlimani, akarudi upande wake wakati basi lililokuwa likija limeshawasha taa zote. Mama aliyekuwa nyuma na mtoto mchanga akaanza kuomba kwa sauti. Makanga alikuwa akicheka.

Yule mzee ndiye aliyesema. Hakupiga kelele. Alimgusa dereva begani kwa kidole kimoja.

"Kijana wangu, wale wa Safari walikuwa na kofia za chuma. Walikuwa na vyuma ndani ya gari vya kuzuia paa. Mbele yao watu walikuwa wametoa ng'ombe njiani. Huyu mama ana nini?"

Dereva hakujibu, lakini sindano ya mwendo ilishuka. Kwa kilomita chache matatu yote ilikuwa kimya.

Nimeyafikiria maneno hayo kuliko tarakimu zote nilizoziandika hapa juu. Sisi Wakenya tunaipenda Safari, na ni haki yetu. Iliporudi kwenye ubingwa wa dunia mwaka 2021, baada ya kukosekana tangu 2002, taifa zima lilifurahi. Lakini tumechukua kutoka kwenye mchezo huo jambo moja tu, kasi, tukaacha mengine yote. Tumeacha mkanda wa kiti. Tumeacha msaidizi anayesoma njia na kumwonya dereva kuhusu kona inayofuata. Tumeacha fundi anayekagua breki kila gari linaposimama. Hata wakuu wa mchezo wenyewe, baada ya vifo vya Corsica, walikubali kwamba gari likizidi uwezo wa binadamu ni gari la kuzuiwa. Hapa kwetu, zilipoanza kutekelezwa mwaka 2004 kanuni za waziri John Michuki, zilizotaka mikanda na vidhibiti mwendo vya kilomita 80 kwa saa, wengi walilalamika kwamba nchi imesimama. Nchi haikusimama. Watu walifika.

Na barabara hii ya Bungoma si ya matatu peke yake. Karibu na kiwanda cha sukari cha Nzoia matrekta huvuta matela ya miwa hadi usiku, mengine bila taa ya nyuma. Bodaboda zinabeba watu watatu na mbuzi. Watoto wa shule wanatembea ukingoni wakitafuna miwa, wakiwa wawili wawili, na mdogo kuliko wote ndiye huwa upande wa lami. Kwenye Safari ya siku hizi njia hufungwa kwa ajili ya gari. Hapa hakuna wa kufunga njia, kwa hiyo gari ndilo linalopaswa kujifunga lenyewe.

Kanduyi

Tunaingia Bungoma kupitia Kanduyi, njia panda yenye pilikapilika za mchana kutwa. Reli ya kwenda Uganda inapita mjini, hoteli zinanukia kuku na ugali wa wimbi, na joto hapa linakubali shati la mikono mifupi. Mgeni atakayelala aulize kuhusu soko la Chwele, kaskazini mwa mji, mojawapo ya masoko makubwa ya pande hizi, ambako utaona mitumba, vitunguu na ng'ombe wakiuzwa bega kwa bega. Njia ya huko inakupeleka chini ya Elgon tena, na ukiwa na bahati ya mawingu kutawanyika utauona mlima wote.

Na wewe mzazi utakayewaleta watoto likizoni, nakuomba mambo mawili. La kwanza, waonyeshe udongo huu mwekundu na uwaeleze kwamba magari maarufu kuliko yote duniani yaliletwa kwenye udongo wa namna hii kusahihishwa kama madaftari, na si yote yaliyopata alama. La pili, chagua matatu kwa kumtazama dereva na si kwa kutazama rangi na muziki wake. Akianza kukimbia, usingoje mzee wa kando aseme kwa niaba yako. Mguse begani wewe mwenyewe, mbele ya watoto wako, ili nao wajue kwamba jambo hilo husemwa.